Tramu Kolwezi? Mbele tuonyeshwe ramani na hesabu

(Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Manika na Dilala. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.)



Mnakumbuka mkutano uliopita. Tulikuwa tunazungumza juu ya vumbi na malori, halafu mudogo wetu mmoja, mwanafunzi, akasimama na telefone mkononi. Akatuonyesha video ya tramu inayopita katikati ya muji wa Ulaya. Inatembea polepole, milango inafunguka yenyewe, mama mwenye kigari cha mtoto anaingia bila kuinua kitu. Mudogo akauliza: "Kobalti inatoka kwetu, shaba ya zile nyaya inatoka kwetu. Ju ya nini tramu haiko kwetu?" Ukumbi wote ukapiga mikono. Na sisi tulipiga.

Nyuma kabisa mzee mmoja akajibu: "Batoto, munaomba tramu, na kwetu hata mutaro wa maji hauko." Watu wakacheka, mkutano ukaisha, lakini swali likabaki. Tuliahidi kurudi na jibu. Tumebishana wiki tatu, na kusema kweli hatukukubaliana wote. Jibu ambalo wengi wetu tunasimama nalo leo ni hili: muji wetu usiingie deni juu ya tramu kabla sisi raia hatujaonyeshwa vitu viwili, ramani ya udongo tunaoishi juu yake na hesabu ya makuta ya migodi. Na wakati tunadai hivyo viwili, iko kazi ya usafiri inayoweza kuanza bila reli hata moja.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengine wetu walikuwa wanachanganya tramu na treni. Tramu inatembea juu ya reli zilizolazwa ndani ya barabara. Juu yake kuna waya wa umeme. Inasimama karibu karibu, kila mita mia tano hivi, watu wanashuka na kupanda kama basi. Tramu moja ya leo inabeba watu mia mbili, hata zaidi, na shofere mmoja. Pima hiyo na taksi-basi zetu, zile tunazokaa wanne kwenye kiti cha watatu, na kuku wa mtu chini ya miguu.

Kwa hiyo ndoto ya yule mudogo haikuwa ya kijinga. Kuna watu wanasema tramu ni kitu cha Paris na miji mikubwa tu. Hapana. Ufaransa kuna muji unaitwa Besançon, watu wake ni kama laki moja na elfu ishirini. Kolwezi ina watu mara nyingi kuliko hapo. Mwaka 2014 walifungua tramu yao, kilomita kama 14 na nusu, na waliijenga kwa kubana matumizi mpaka miji mingine ikaenda kujifunza kwao. Hata hivyo iligharimu kama milioni 250 za euro. Shikeni hiyo namba, tutairudia.

Wala waya wa umeme juu ya reli hautushangazi sisi watu wa Katanga. Treni za umeme zilianza kutembea huku miaka ya 1950, wakati miji mingi ya Ulaya ilikuwa bado inapika makaa kwenye gari-moshi. Zilipata umeme kwa mabwawa ya mto Lualaba, Nzilo na Nseke, hapa hapa pembeni yetu. Kisha mwaka 1982 ikamalizwa laini ya umeme toka Inga mpaka Kolwezi, kilomita kama 1,700, inapita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha kibatari. Umeme ulikuja kwa ajili ya shaba. Reli ilikuja kwa ajili ya shaba. Muji wenyewe ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba. Mtu wa kawaida alikuwa anapanda nyuma, kama nafasi imebaki.

Ndiyo maana, kabla ya kuzungumza reli, tulitoka kwenda kuangalia nani anatembea namna gani. Asubuhi moja tulisimama njia-panda tangu saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja. Hatukuwa na mashine ya kuhesabu, tulikuwa na macho na daftari. Wa kwanza kupita walikuwa wachimbaji, kwa miguu na kwa moto, watatu watatu juu ya moto moja, na mifuko na nyundo. Halafu mabasi ya kampuni. Hayo ni mabasi mazuri, yana hewa baridi ndani, yanachukua wafanyakazi na kuwapeleka migodini. Mengine yalipita na viti vitupu. Mama aliyekuwa na beseni la mikate kichwani alinyosha mkono, basi halikusimama. Haliruhusiwi kusimama, ni la kampuni. Nyuma wakaja wanafunzi, wadogo kabisa, wanatembea kandokando ya malori ya madini, mmoja amefunika pua na kola ya shati.

Dada mmoja muuguzi alituambia hivi: "Mimi napanda moto mara mbili kwenda, mara mbili kurudi. Mwisho wa mwezi najiuliza kama nafanya kazi ya wagonjwa ao nafanya kazi ya motari." Hakusema kwa kulalamikia motari. Motari naye esansi inamumaliza. Na usiku, mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa, ni moto hiyo hiyo inamubeba, kwenye mashimo. Hapo ndipo swali la usafiri linaanzia kwetu, kwenye ule mgongo wa moto.

Sasa tuende Addis Ababa, maana kila mtu anayeuza ndoto ya tramu katika Afrika anatupeleka huko.

Ethiopia ilifungua treni nyepesi ya muji mwezi wa Septemba 2015. Njia mbili, zaidi ya kilomita 30, treni 41. Ilikuwa ya kwanza ya namna yake Afrika kusini ya Sahara, na siku zile tulikuwa tunaangalia picha zake kwa wivu. Gharama ilikuwa dola milioni 475, na asilimia 85 ilikuwa mkopo wa benki ya Exim ya Uchina. Nauli iliwekwa chini ili masikini naye apande. Hiyo ilikuwa sawa kabisa, na watu walipanda kweli, walijaa mpaka mlangoni.

Kisha vyuma vikaanza kuchoka. Spea zinatoka nje, zinalipwa kwa dola, na inchi ilikuwa na njaa ya dola. Nauli haikutosha kulipa umeme, mafundi na spea, serikali ikawa inajaza pengo. Treni moja ikiharibika, wanaichomolea vyuma ili kutengeneza nyingine. Miaka haikuwa hata kumi, zaidi ya nusu ya treni zilikuwa zimelala kwenye karakana. Deni halikulala.

Tusiwacheke Waethiopia. Wao wako na reli, ziko chini, siku moja wanaweza kufufua treni zote. Tena Addis ni muji mkuu wa inchi, una watu mamilioni, uko na serikali nzima nyuma yake. Sisi tupige hesabu yetu. Dola milioni 475 gawa kwa kilomita zao, unapata kama milioni 15 kwa kilomita moja. Njia fupi kwa Kolwezi, tuseme kilomita 12 tu, ingetoka kama milioni 180. Hiyo ni kwa bei ya Addis ya miaka kumi iliyopita. Kwa bei ya Besançon, tunapita milioni 200. Na hapo bado hujalipa mshahara wa shofere hata mmoja, wala hujanunua balbu.

Makuta hayo yangetoka wapi? Hapa wengi walituambia: "Redevansi!" Tulieleze hilo neno pole pole, juu ya wale wadogo wanaolisikia tu kwenye redio. Kampuni ya mgodi ikiuza madini, inapashwa kulipa leta sehemu fulani ya bei ya ile mali, hata kama yenyewe inasema haikupata faida. Kwa shaba ni asilimia 3.5. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati mwezi wa Novemba 2018, ikapanda mpaka asilimia 10. Na sheria ya migodi ya 2018 inagawa hivi: nusu inaenda Kinshasa, asilimia 25 inaenda jimbo, asilimia 15 inaenda kwa muji, komini, sekta ao usultani ambamo mgodi uko, na 10 inaingia kwenye mfuko wa vizazi vinavyokuja.

Ile asilimia 15 ni yetu. Haipiti Kinshasa kwanza, inapashwa kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya muji wetu na komini zetu. Ni makuta ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Sasa tunawauliza ninyi mlioko hapa: nani ameona karatasi iliyobandikwa ku mairie, inayosema mwezi huu kumeingia kiasi hiki, kumetoka kiasi hiki, kwa kazi hii? Nyosheni mikono.

(Hakuna mkono ulionyoshwa.)

Tunaona. Basi nani kati yetu anaweza kusema kama muji una uwezo wa tramu ao hauna? Liwali anaweza kusema unao. Mpinzani wake anaweza kusema hauna. Wote wawili watakuwa wanarusha maneno, na sisi tutapigia mikono yule mwenye sauti kubwa.

Kuna jambo lingine kwenye hayo makuta. Yanapanda na kushuka kama beseni juu ya maji. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, miezi minne, ikaongeza mingine mitatu, halafu Oktoba ikaleta kota, kila kampuni na kipimo chake. Labda ilikuwa uamuzi mzuri, bei ilikuwa imeanguka sana, wachumi wanabishana. Kwa hesabu ya muji maana yake ni moja: mwaka mmoja unapata, mwaka mwingine unangojea. Lakini mkopo wa reli unataka kulipwa kila mwaka, na kwa dola. Baba wa nyumba anayepata kazi ya siku mbili tatu kwa wiki hakopi gari ya kulipa kila Jumatatu.

Hata hivyo makuta siyo yaliyotusimamisha zaidi. Kilichotusimamisha ni udongo.

Reli ukiilaza, umeilaza kwa miaka thelathini, hamsini. Unasema: hapa watu wataishi, hapa soko litakuwa, hapa wajukuu wetu watapanda. Sasa niambieni, ni nani Kolwezi anaweza kusema hivyo juu ya avenue yake? Mwaka 2014, Kasulo, madini ya kobalti yalikutwa chini ya nyumba. Ndani ya muda mfupi watu walikuwa wanachimba jikoni, wanachimba kwenye chumba cha kulala, mashimo yanakutana chini ya barabara. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ikapewa kampuni moja, familia zikahamishwa, ukuta ukajengwa. Mtu aliyezaliwa pale leo anaonyesha watoto wake ukuta, anasema: "Kwetu kulikuwa nyuma ya hapa."

Na si Kasulo peke yake. Mwaka 2023 Amnesty International na shirika la Kongo IBGDH walitoa ripoti juu ya watu waliosukumwa kutoka kwenye nyumba zao kwa sababu migodi inapanuka, pamoja na wakaaji wa Cité Gécamines, mtaa wenye nyumba za matofali, maji, umeme, shule. Waliowekewa alama nyekundu kwenye ukuta wa nyumba wako kati yetu hapa. Hatutawataja, wanajijua.

Muji wetu umekalia sahani ya chakula cha watu wengine. Kila wakati bei inapopanda, mtu anaangalia chini ya miguu yetu. Basi mchoraji wa tramu akija na kalamu yake, atachora mstari wapi? Akiuliza kama mtaa huu utakuwepo mwaka 2045, nani atamjibu? Sisi hatujui. Tunaogopa kwamba wako wanaojua. Ramani za migodi zipo, zimeandikishwa kwa ofisi ya kadasta ya migodi, na kampuni zina michoro ya mahali mashimo yatafika. Anayelala juu ya shimo hilo ndiye wa mwisho kuambiwa.

Kwa hiyo dai letu la kwanza ku mairie na kwa jimbo halina neno tramu ndani. Linasema: tupeni ramani. Mitaa gani italindwa, haitaguswa, na kwa karatasi gani? Mitaa gani inatishwa, na watu wake watalipwa kwa kipimo gani, watapelekwa wapi, na kutoka huko watafikaje kazini? Hiyo ya mwisho inasahauliwa kila mara. Unamhamisha mtu kilomita kumi na kitu nje ya muji, unampa pesa ya mabati, halafu moto ya kwenda na kurudi inakula zile pesa zote kabla ya mvua ya pili.

Tulisema hatukukubaliana wote. Ni haki muwasikie na wengine, maana hoja yao ni ya nguvu. Kundi la wenzetu, karibu wote ni wadada, tutambue hilo, walisema hivi: "Ninyi munangojea ramani ili kujenga. Sisi tunasema ujenge ili kulinda. Basi ukiiweka leo, kesho wanaiondoa na hakuna anayelia. Reli ni chuma. Mtaa wenye reli, si rahisi mtu kuja kuubomoa usiku. Mukingojea mpaka leta ipange kila kitu, mutazeeka mukipanda moto."

Hatukupata jibu la kuwanyamazisha. Ni kweli kwamba mabasi yanakuja na kupotea. Kinshasa, wakati inaitwa Léopoldville, ilikuwa na kitu ambacho wengi hawajui: jirobasi, mabasi 12 toka Uswisi, yaliyotembea kwa umeme bila waya. Ndani kulikuwa na gurudumu zito linalozunguka, unalichaji kwenye vituo, linasukuma basi mpaka kituo kingine. Yalianza 1955. Mwaka 1959 yalikuwa yamekwisha, yanakula umeme mwingi na kutengeneza ni ghali. Leo hakuna alama. Reli za wakati huo huo bado ziko.

Lakini reli hizo hizo zinatufundisha kitu kingine. Zilibaki, ndiyo. Zilibaki bila mabehewa, bila nyaya mahali pengine, nyasi zimepita juu. Chuma hakilindi mtu kama hakuna anayekitunza. Na tukisema ukweli wote, hapa kwetu hata nyumba za matofali na shule na kanisa hazikusimamisha mgodi. Sijui, wenzetu walisema, labda tramu ingekuwa tofauti. Hapo ndipo tuliachana, kwa heshima, saa mbili usiku, umeme umekatwa.

Sasa, mtu asitoke hapa akisema vijana wamekataa maendeleo. Tuseme tunachotaka.

Tunataka mabasi. Ya muji, si ya kampuni wala ya rafiki wa mtu. Yaanze na njia mbili tu, zile zinazobeba watu wengi, yenye saa inayojulikana: ukisimama kituoni saa kumi na mbili kasoro robo, unajua linakuja. Saa ni kitu kikubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mwanafunzi anaweza kupanga siku yake, mama anaweza kutoka na mikate ikiwa bado ya moto. Na mahali barabara ni pana, basi lipewe njia yake, lori lisiingie humo. Shofere wetu wanaopeleka shaba Dar es Salaam wamekwisha kuona mwendokasi, ile ya mabasi yenye barabara yake, ilianza 2016 kwa kilomita kama 21. Wanatuambia mabasi yanajaa kupita kiasi, na mvua ikizidi karakana ya Jangwani inaingia maji. Shida ziko. Lakini basi likiharibika unaliweka pembeni, lingine linapita. Mtaa ukihama, kituo kinahama nao. Na fundi wa kulitengeneza yuko hapa hapa Manika.

Nani alipe? Hapa tunarudi Besançon, tuliwaambia mshike. Ufaransa kuna mchango ambao mwajiri analipa kwa ajili ya usafiri wa muji wake. Ulianza Paris mwaka 1971, ukaenda miji mingine tangu 1973. Kampuni yenye wafanyakazi 11 ao zaidi, katika muji ulioweka mchango huo, inalipa sehemu kidogo juu ya mishahara, na hiyo ndiyo inayoendesha mabasi na tramu za Wafaransa, pamoja na nauli na kodi nyingine. Wale walioona video ya tramu hawakuona hiyo. Nyuma ya mlango unaofunguka wenyewe kuna karatasi ya mwajiri anayelipa kila mwezi.

Kolwezi iko na waajiri wakubwa kupita Besançon mara ngapi? Tayari wananunua mabasi, esansi, mashofere, kila mmoja kwa wafanyakazi wake. Tunapendekeza wakae pamoja na muji, sehemu ya gharama hiyo iingie katika mfuko mmoja wa usafiri, wenye hesabu inayobandikwa ukutani, na basi likisimama, mama wa mikate naye apande. Tumeambiwa hilo haliwezekani kisheria. Inawezekana. Lakini aliyetuambia hakutuonyesha kifungu.

Na reli ya zamani? Inapita katika muji. Sasa hivi dunia yote inazungumza njia ya Lobito, jinsi shaba yetu itafika haraka kwenye bahari ya Angola. Mabilioni yanatajwa. Katika mazungumzo hayo yote tulitafuta neno moja, abiria, na tulilipata mara chache sana. Kabla mtu hajatuuzia reli mpya za tramu, afanye uchunguzi: je, mabehewa mawili matatu ya asubuhi na jioni hayawezi kupita kwenye reli iliyopo, kutoka mitaa ya mbali mpaka katikati? Labda jibu ni hapana, reli imechoka, ao ratiba ya mizigo haina nafasi. Tunataka kulisoma hilo jibu likiwa limeandikwa.

Neno kwa motari, maana wengi mko hapa na mmekunja uso tangu tulipotaja mabasi. Hatuko dhidi yenu. Wengi wetu tulisomeshwa na moto ya yaya. Basi litapita barabara kubwa, halitaingia kwenye avenue za ndani, na abiria atashuka kituoni akiwa bado na kilomita mbili za kufika kwake. Safari hizo fupi ni zenu. Tunachoomba ni muingie kwenye mazungumzo tangu mwanzo, msingojee siku ya uzinduzi kuja kuchoma matairi.

Na tuombe kitu kimoja cha bei ndogo ambacho kitafurahisha hata wenzetu wa tramu. Wakati wanapanga barabara mpya, wapime upana wa kutosha katikati, wauache, waandike kwamba nafasi hiyo ni ya usafiri wa wote na haiuzwi. Leo ipande majani. Kesho basi lipite. Siku muji utakapokuwa na ramani yake na hesabu yake, watoto wetu wakitaka kulaza reli hapo, hawatahitaji kubomoa nyumba ya mtu. Wale wadada walikubali hilo, ila walisema wataenda kila mwezi kuangalia kama hakuna aliyejenga kioski juu yake.

Tumemaliza maneno, imebaki kazi. Wiki mbili kutoka leo tunapeleka barua ku mairie na kwa bunge la jimbo: ramani, hesabu, mabasi. Tukienda na maneno tu watatuambia wanajua. Kwa hiyo wadogo wanapita sasa kati yenu na madaftari madogo. Kila mmoja achukue moja. Kwa siku saba uandike: umetoka wapi, umekwenda wapi, saa ngapi, kwa miguu, kwa moto ao kwa taksi-basi, umengojea dakika ngapi, umelipa franga ngapi. Usiandike jina lako, andika mtaa tu. Mama asiyeandika, mtoto wake amwandikie jioni. Jumamosi ijayo, saa tisa, turudi hapa, tuyajumlishe pamoja mbele ya wote, na ile jumla njo itaingia kwenye barua.

Kalamu ziko kwenye meza, karibu na mlango.